Mali Bila Daftari: Historia ya Nafaka na Matumizi ya Nyumba kwa Waswahili, Pwani na Ughaibuni

Muhadhara huu ulitolewa baada ya sala ya Tarawehe mbele ya wanajumuiya wetu hapa Uingereza. Maneno yamenukuliwa kutoka katika kinasa sauti; marudio na maswali ya wasikilizaji yamepunguzwa.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.



Jambo tulilokusudia kulizungumza ni lile ambalo watu hulizungumza jikoni kwa sauti ya chini, na wakilileta msikitini basi hulileta likiwa limekwisha kuharibika. Nani analipa nini ndani ya nyumba? Kodi ya nyumba, umeme, gesi, kodi ya baraza la mji, chakula, nauli, ada ya madrasa, na zile fedha ambazo kila mwisho wa mwezi huvuka bahari kwenda kwa wazee wetu Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu au Barawa. Ni za mume? Ni za mke? Ni nusu kwa nusu? Na mke alipapo, anatoa sadaka, anakopesha, au ananunua fungu lake?

Tumeuchagua mwezi huu kwa makusudi. Ramadhani ndiyo wakati ambao wengi wetu hupiga hesabu ya zaka, na zaka haihesabiki mpaka ijulikane mali ni ya nani. Zaka humwajibikia mwenye mali. Basi mume na mke waliochanganya mishahara yao katika akaunti moja kwa miaka kumi na mitano hukaa mezani usiku mmoja wa kumi la mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu waoane mmoja humuuliza mwenziwe: katika hizi, zangu ni zipi? Swali hilo si la uchoyo. Ni swali la ibada. Nasi tungependa kulijibu kwa njia ya historia, kwa sababu wazee wetu walikuwa na jibu lake, na jibu hilo tumelipoteza njiani.

Nafaka na kibaba

Tuanze na neno lenyewe. Nafaka tumeipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni matumizi, hasa yale ambayo mtu huwajibika kumpa anayemtegemea. Sisi Waswahili tukaliongezea neno hilo maana ya pili: mtama, mchele, mahindi, uwele, ngano. Mwenye kwenda sokoni kununua nafaka na mwenye kwenda kwa kadhi kudai nafaka hutamka neno lile lile. Lugha yetu imeweka haki ya mke na punje za chakula katika kikapu kimoja.

Waislamu walio wengi wa pwani yetu wamefuata madhehebu ya Imam Shafi'i, na miongoni mwa vitabu ambavyo makadhi wetu wamevitegemea kwa vizazi ni Minhaj cha Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277 Miladia. Katika kitabu hicho nafaka ya mke haikuachwa kuwa jambo la kukisia. Mume mwenye uwezo hutoa mudi mbili za chakula kikuu cha mji wao kwa kila siku. Mwenye hali ya kati hutoa mudi moja na nusu. Mwenye dhiki hutoa mudi moja. Mudi ni kadiri ya viganja viwili vilivyojaa vya mtu wa wastani, na mudi nne ni saa moja, kipimo kile kile tutakachokitumia sote katika zaka ya fitri mwisho wa mwezi huu. Wazee wetu walikieleza kwa pishi, na pishi ina vibaba vinne.

Juu ya hayo mume hutoa kitoweo, mavazi, makazi na vyombo vya kupikia. Hata gharama ya kusaga nafaka na kuioka mkate imewekwa juu yake. Na asipotoa, siku hazipiti bure: katika madhehebu ya Shafi'i nafaka isiyotolewa hubaki kuwa deni juu ya mume. Mke akivumilia dhiki ya mumewe na kujilisha kwa mali yake, uvumilivu wake ni wema, lakini deni halifutiki kwa uvumilivu. Hufutika kwa kulipwa au kwa kusamehewa.

Msingi wa yote haya ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Sura ya An-Nisaa, Aya ya 34, imefungamanisha usimamizi wa mume na mali anayoitoa. Sura ya At-Talaq, Aya ya 7, imemwamuru kila mtu atoe kwa kadiri ya alichojaaliwa, na ikabainisha kwamba hakuna anayekalifishwa zaidi ya alichopewa. An-Nisaa, Aya ya 4, imeyafanya mahari kuwa mali ya mke, na kwamba mume hali chochote katika hayo ila kile ambacho mke amekitoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Na Aya ya 32 ya Sura hiyo hiyo imempa mwanamke fungu lake katika alichokichuma, kama ilivyompa mwanamume lake.

Ziko habari mbili za masahaba ambazo tunapenda zisikilizwe pamoja. Bibi Hind binti Utba alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni mtu mzito wa kutoa, hampi cha kumtosha yeye na watoto. Akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha kwa wema na desturi. Bibi Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, yeye hali yake ilikuwa kinyume: mali ilikuwa mkononi mwake, na mumewe hakuwa na kitu. Alikwenda mlangoni kwa Mtume kuuliza kama akimpa mumewe na mayatima anaowalea itahesabiwa sadaka. Akamkuta pale mlangoni mwanamke wa Kiansari mwenye swali kama lake, na Bilal akawapelekea swali ndani. Jibu likatoka: wana ujira mara mbili, ujira wa ukaribu na ujira wa sadaka.

Tuziangalie vizuri habari hizi. Bibi Hind alichukua haki. Bibi Zaynab alitoa sadaka. Wote wawili fedha zao ziliishia katika sufuria moja, chakula cha watoto, lakini kila moja ilikuwa na jina lake, na jina hilo lilijulikana kabla ya fedha kutumika. Huo ndio msingi tutakaourudia usiku huu.

Nyumba ya mke, kikapu cha mume

Sasa tuje pwani kwetu tuone watu waliishi vipi na hukumu hizi.

Katika miji ya mawe ya kaskazini, Lamu ikiwa mfano ulio mashuhuri, baba mwenye uwezo alikuwa akimpa binti yake nyumba anapoolewa, au akimwongezea orofa juu ya nyumba ya wazazi. Aliyehama alikuwa mume. Alilala katika nyumba ya mkewe, chini ya dari ya mkewe, na kila asubuhi alishika kikapu akaenda sokoni kununua samaki, nazi na mchele. Hakuna aliyemwita mume huyo mtu wa kulelewa, na hakuna aliyemwambia kwamba madhali nyumba si yake basi na chakula kisiwe juu yake. Nyumba ilikuwa ya mke kwa wazi, na masurufu yalikuwa ya mume kwa wazi. Ndoa ikivunjika, mke alibaki kwake.

Kwa hiyo wale wanaodai kwamba desturi yetu ya asili ni mume kumiliki kila kitu na mke kutokuwa na chochote, desturi hiyo hawakuitoa pwani. Na wale wanaodai kwamba desturi yetu ni mfuko mmoja usiojulikana wa nani, nao pia hawakuitoa pwani. Kilichokuwapo ni mifuko miwili ndani ya nyumba moja, na kila gharama ikimjua mwenyewe.

Mwanamke wa pwani alimiliki, aliuza, alikopesha, alirithi na aliweka wakfu. Kumbukumbu za wakfu za Unguja zina majina ya wanawake walioacha nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti, maskini na jamaa zao. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844. Baba yake alipofariki mwaka 1856 alirithi shamba na fedha akiwa bado msichana. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kwenda kuishi Hamburg. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa mwaka 1886, aliwaeleza wasomaji wa Ulaya jambo ambalo wengi wao hawakulitazamia: kwamba mke wa Kiislamu kwao ndiye mwenye mamlaka juu ya mali yake, na mume hana haki nayo kwa sababu tu ya kumuoa.

Lakini tusiipambe historia yetu. Nyumba nyingi za wenye uwezo zilisimama juu ya migongo ya watumwa. Maji yalitekwa na watumwa, nafaka ilitwangwa na watumwa, na karafuu za mashamba hayo tuliyoyataja zilichumwa na watumwa. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa humo mpaka mwaka 1909. Hesabu ya nyumba iliyokuwa safi baina ya mume na mke haikuwa safi kwa mpishi na mchota maji. Anayetaka kurithi adabu ya wazee wetu katika matumizi, na aichukue pamoja na ukweli huu.

Utumwa ulipoondoka, kazi za mikono za wanawake wenyewe zikazidi kuonekana katika uchumi wa nyumba. Walishona kofia, walisuka ukili na mikeka, walifukia makumbi wakapiga usumba, walipika vitumbua na mikate ya kuuza. Fedha hiyo ilikuwa yao. Waliiweka katika upatu, wakaigeuza dhahabu, wakamsomesha mtoto, na mara nyingi wakaiziba nayo pengo la mume asiyepata. Kuanzia mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilipoingia pwani ya mashariki ya Unguja, wakulima wake walio wengi wakawa wanawake. Sare za skuli na vyombo vingi vya nyumbani vikanunuliwa kwa fedha iliyotoka katika maji ya magotini.

Na mume aliposahau wajibu wake, mlango wa kadhi ulijulikana. Katika mahakama za makadhi za Unguja, Mombasa na Malindi wadai wengi wamekuwa wanawake, na nafaka imekuwa miongoni mwa madai yao makuu. Bibi aliyekwenda kwa kadhi hakuwa amevunja heshima ya ndoa. Alikuwa anadai deni.

Nchi tuliyoikuta

Ndugu zetu, wengine huona haya kuyataja mambo haya mbele ya majirani zetu wa hapa, wakidhani kwamba katika haki za mali sisi ndio tulioachwa nyuma. Basi tuisome na historia ya nchi hii tunayoishi.

Kwa sheria ya zamani ya Uingereza, mwanamke alipoolewa, fedha na vitu vyake viliingia katika miliki ya mumewe, na ujira alioutolea jasho ulikuwa wa mumewe. Sheria ya mwaka 1870 ilimwachia mke ujira wake. Ya mwaka 1882, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1883, ndiyo iliyomruhusu kumiliki mali yake mwenyewe kama asiyeolewa. Wakati bibi wa Lamu anamiliki nyumba anayolala mumewe, bibi wa London alikuwa hana hata mshahara wake.

Na hata baada ya hapo, jambo moja lilibaki gizani: masurufu. Mume wa Kiingereza alimpa mkewe fedha za wiki za kuendeshea nyumba. Mke mwangalifu alibana, akaweka akiba. Akiba hiyo ni ya nani? Mwaka 1943 Mahakama ya Rufani ilihukumu katika kesi moja kwamba akiba ya namna hiyo ni ya mume, kwa kuwa fedha ilitoka kwake. Ilibidi bunge litunge sheria mwaka 1964 kwamba akiba iliyotokana na fedha za matumizi ya nyumba ihesabiwe kuwa ya wote wawili nusu kwa nusu, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Mwaka 1964 ni mwaka ule ule wa Mapinduzi ya Unguja, ambao baada yake wengi katika wazee wetu walianza safari zilizotufikisha hapa.

Tuyaangalie maneno hayo ya mwisho: isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Sheria ya hapa nayo inawauliza mume na mke kama walizungumza. Wasipozungumza, itawaamulia yenyewe.

Kwetu pia suala hili lilifika mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua, katika shauri lililotoka Dar es Salaam, kwamba kazi ya mke nyumbani, kupika, kulea na kuitunza nyumba, ni mchango katika kuipata mali ya ndoa. Uamuzi huo ulibadilisha mashauri mengi yaliyofuata. Hata hivyo bibi aliyelifungua shauri hilo mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba amekwisha kuzitumia fedha alizopewa na mumewe. Msingi ulishinda; mwenyewe akashindwa kwa hesabu.

Jinsi majina yalivyopotea

Safari yetu ilipita njia nyingi. Wako waliokwenda Oman, hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwezi Julai 1970, nchi ilipohitaji watu waliosoma. Wanawake waliotoka Unguja walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuajiriwa huko katika skuli, hospitali na ofisi. Wako waliokuja moja kwa moja Uingereza. Wako ndugu zetu wa Barawa waliokimbia vita vya Somalia kuanzia mwaka 1991, na wako waliotoka Unguja na Pemba baada ya matatizo ya Januari 2001.

Tulipofika, tulikuta nyumba ambazo mshahara mmoja hauzibebi. Mke akaenda kazini, si kwa anasa, bali kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa kubwa kuliko anachopata mumewe akibaki na nauli. Hapo ndipo kikapu cha mume na mkoba wa mke vilipomiminwa katika akaunti moja. Hatusemi kwamba akaunti ya pamoja ni haramu. Ni chombo tu. Lakini chombo hicho hakina kumbukumbu ya nia. Taarifa ya benki itaonyesha kwamba kodi imelipwa tarehe moja. Haitaonyesha kama fedha ya mke iliyomo humo ilikuwa haki iliyolipwa badala ya mwenye kuwajibika, au sadaka, au mkopo.

Barua za serikali nazo hazijui nafaka. Kodi ya baraza la mji, kwa mfano, mume na mke wanaoishi pamoja huwajibika nayo wote wawili, na baraza laweza kumdai yeyote kati yao kiasi chote. Mkataba wa kupanga wenye majina mawili ni hivyo hivyo. Basi mbele ya baraza la mji mke ni mdaiwa. Mbele ya fiqhi ya mababu zake si mdaiwa. Akilipa, mbele ya baraza ametimiza wajibu wake; mbele ya fiqhi amefanya jambo lingine kabisa, na jambo hilo linahitaji jina.

Kutokutaja jina huzaa maovu ya pande mbili. Upande wa waume, wako wanaodai utiifu wote ambao Aya ya 34 imeufungamanisha na kutoa, huku kodi ya nyumba inatoka katika mshahara wa mke, nao hawajapata kumwambia ahsante, sembuse kumwambia nakudaiwa. Upande wa wake, wako waliotoa kwa moyo mweupe miaka kumi, kisha siku ya ugomvi wakakitoa kila walichokitoa kwa jina lake na tarehe yake. Qur'ani katika Sura ya Al-Baqara, Aya ya 264, imetuonya kwamba masimango huibatilisha sadaka. Lakini tuwe waadilifu: masimango mara nyingi huanza pale ambapo fedha ilitolewa bila kujulikana ni sadaka. Aliyekopesha akidai, hasimangi. Aliyetoa sadaka akidai, anasimanga. Asiyejua alifanya lipi kati ya hayo hubaki na uchungu usio na mlango wa kutokea.

Na iko gharama moja ambayo huwa haitajwi hata katika nyumba zinazotaja zote: fedha za kupeleka kwetu. Wazazi wasio na uwezo wana haki ya kutunzwa na watoto wao. Mama wa mume hutunzwa na mume, na mama wa mke hutunzwa na mke. Mume akimtumia mama yake kutoka katika akaunti ambayo nusu yake ni jasho la mkewe, kisha akanuna mke anapomtumia wake, hapo hapana fiqhi wala desturi. Ni ubabe tu.

Sehemu kumi na sita

Tumesema jambo hili lina uzito. Sasa tuupime uzito huo kwa mfano.

Tuchukue mume na mke wanaoishi hapa, wenye watoto. Kwa miaka ishirini wamepeleka fedha Unguja, wamejenga nyumba. Kila tofali wamelinunua nusu kwa nusu. Hati imeandikwa jina la mume peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kununua kiwanja, na mke hakuona haja ya kusema. Mume akafariki. Warithi wakafika kwa kadhi, na hakuna karatasi wala shahidi.

Tuigawe nyumba hiyo sehemu 16. Mke mwenye watoto hurithi thumni, yaani sehemu 2 katika 16. Nyumba yote imehesabiwa kuwa mali ya marehemu, na nusu aliyoijenga mke kwa zamu za usiku imegawanywa kwa watu wengine. Na kama marehemu aliacha mke wa pili, thumni hiyo moja wataigawana.

Tuchukue sasa nyumba ile ile, mume yule yule, ila kuna karatasi moja iliyoandikwa na kushuhudiwa kwamba nusu ni ya mke. Sehemu 8 hazimo katika mirathi kabisa, ni zake. Zilizobaki 8 ndizo za marehemu, na thumni yake ni sehemu 1. Mke ana sehemu 9 katika 16. Tofauti kati ya 2 na 9 si tofauti ya mapenzi wala ya ucha Mungu. Ni tofauti ya karatasi.

Na hesabu hii huwageukia waume pia. Mume aliyejenga kwa fedha yake yote, akaandika jina la mkewe kwa mapenzi bila ya kueleza kama ni zawadi au ni amana, mkewe akitangulia na ameacha watoto, atarithi robo ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Asije akasema amedhulumiwa. Warithi wa mkewe wanasoma kilichoandikwa.

Kama mchango wa mke ulikuwa mkopo, basi Aya za mirathi zenyewe zimekwisha kupanga: madeni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Kama ulikuwa zawadi kwa mume, ni mali ya mume, na ujira wake uko kwa Mola wake. Zote ni njia halali. Isiyofaa ni ile ya kuacha jambo bila kusema, kisha kuwaachia watoto kazi ya kugombana juu ya maneno ambayo wazazi wao hawakuyasema.

Daftari

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, haizungumzii sala wala saumu. Inazungumzia kuandika deni. Imo katika juzuu ya tatu, na katika misikiti inayosoma juzuu moja kila usiku tumesomewa mwanzoni mwa mwezi huu tukiwa tumesimama. Imetuambia tusichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Hakuna katika Aya hiyo maneno yanayowatoa mume na mke. Na wazee wetu wafanyabiashara walilifupisha funzo hilo katika methali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tunaomba kila nyumba, kabla mwezi huu haujaisha, ikae kitako usiku mmoja baada ya futari, watoto wakiwa wamelala, na itaje mambo matatu.

La kwanza, ipi kati ya gharama hizi ni nafaka, yaani wajibu wa mume: chakula, mavazi na makazi, kwa kadiri ya uwezo wake wa kweli. Mume na aseme uwezo wake bila kuuficha na bila kuukuza. Asiyeweza kubeba yote, aseme hawezi. At-Talaq haikumkalifisha zaidi. Kusema siwezi si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzio akubebee kisha ujifanye hujaona.

La pili, kile anachokitoa mke katika gharama hizo kina jina gani. Ni sadaka na wema, kama Bibi Zaynab? Basi akiseme, mume akipokee kwa shukrani, na kisidaiwe tena. Ni mkopo? Basi kiandikwe. Ni ubia katika nyumba au biashara? Basi fungu lake litajwe na liwekwe katika hati. Inajuzu yote matatu yawepo katika nyumba moja: umeme sadaka, gari mkopo, nyumba ubia.

La tatu, maneno hayo yaandikwe na yapate mashahidi, na kwa mali iliyo hapa au iliyo kwetu yafuatwe na wasia unaokubalika kisheria pale mali ilipo. Karatasi ya makubaliano haiondoi mapenzi. Bibi wa Lamu na mumewe walipendana ndani ya nyumba ambayo kila mtu mtaani alijua ni ya nani.

Tunawausia pia vijana wanaotarajia kuoa na kuolewa. Mahari hutajwa mbele ya mashahidi, kwa sauti, kwa hesabu kamili, na hakuna anayeona vibaya. Mazungumzo ya nani atalipa nini nayo yawe na pahala pake kabla ya nikaha. Kama tunaweza kutaja hesabu ya dhahabu mbele ya ukumbi mzima, hatushindwi kutaja hesabu ya kodi ya nyumba mbele ya watu wawili.

Ewe Mola wetu, zitilie baraka riziki za nyumba zetu, zikiwa nyingi au chache. Wape waume zetu moyo wa kutoa wanachoweza na ulimi wa kushukuru wanachosaidiwa. Walipe mama zetu na dada zetu kwa kila walichokitoa, kilichojulikana na kisichojulikana. Tusalimishe na dhulma tunayoifanya kwa kujua na kwa kutojua, na uwarehemu wazee wetu waliotangulia. Utukubalie funga yetu na kisimamo chetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.